Waliuma sita, akapanda mmoja: uchambuzi wa waya zilizorudi

Chombo kilitoka alfajiri, kikarudi jioni na nguru mmoja wa kilo 6. Samaki hawakukosekana, kwani waliuma mara sita. Watano walikwenda zao, na hukumu iliyopitishwa kabla ya nanga kutua ilikuwa fupi: waya unaounganisha mshipi na ndoana ni mwembamba, ununuliwe mnene zaidi. Kwa bahati vipande vilivyosalia havikutupwa. Kila kimoja kilikatwa pamoja na mkono mmoja wa mshipi wake na kutiwa kwenye kopo. Kisa hiki kimo ndani ya kopo hilo, maana ncha ya waya husema ilivyoachia, na mara nyingi husema tofauti na wavuvi.

Vifaa vya siku hiyo vilikuwa mshipi wa nailoni wa kilo 15, rili iliyokazwa breki kwenye kilo 5 hivi, swiveli ya shaba inayong'aa (kiungo kinachozunguka ili mshipi usijisokote), waya wa chuma cha pua wa uzi mmoja namba 6 wenye urefu wa sentimita 25, na ndoana ya 7/0. Chambo kilikuwa chuchunge mzima, akirambazwa, yaani akikokotwa nyuma ya chombo, kwa mwendo wa maili 5 hadi 6 za baharini kwa saa.

Kabla ya kufungua kopo, hesabu kidogo. Waya namba 6 una unene wa takriban milimita 0.41 na hubeba kilo 26 hivi. Watengenezaji hupishana kwa kilo moja au mbili. Breki inaachia kwenye kilo 5, mshipi unakatika kwenye 15, waya kwenye 26. Mvutano ni uleule kutoka kwenye rili hadi kwenye ndoana, kwa hiyo cha kwanza kukatika ni kile kilicho dhaifu kuliko vyote. Waya mzima hauwezi kukatika huku mshipi wa kilo 15 ukibaki salama. Ukikatika, ujue pale ulipokatikia ulikuwa umekwisha kushuka chini ya kilo 15, na aliyeushusha si samaki. Hukumu ya waya mwembamba inaanguka hapo hapo, kabla hata ya kutazama kipande kimoja.

Sasa kopo.

Samaki wa tatu: ncha iliyojikunja kama springi

Tunaanza na wa tatu kwa sababu ndiye anayefungua fumbo kubwa. Waya ulirudi na urefu wake wote. Haukuwa na mahali palipokatika. Mwisho wake ulikuwa umejikunja mizingo saba au minane kama mkia wa nguruwe, na ndoana haikuwepo. Waya wa namna hii haukukatika bali ulifunguka.

Chanzo kiko kwenye jinsi ndoana ilivyofungwa. Aliyefunga alipitisha waya kwenye tundu la ndoana, akaurudisha, akashika mguu mrefu ukiwa umenyooka, kisha akauzungushia ule mfupi mara nane, akabana vizuri kwa koleo. Kwa macho kazi ile ni safi, pengine safi kuliko iliyo sahihi. Kasoro ni kwamba mguu mrefu umebaki umenyooka kama msumari ndani ya springi. Chuma cha pua ni laini kwa mguso na kigumu kwa kukunja, hakina msuguano wa kamba. Samaki anapovuta, msumari unateleza ndani ya springi, kitanzi kinapungua, na mtetemo wa kichwa cha nguru unamalizia kazi. Kuongeza mizingo hakusaidii sana, kwa kuwa ni kuirefusha springi ileile.

Msokoto wa kweli una sehemu mbili, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza ni misokoto ya msalaba, ambamo waya zote mbili zinazungukana kama nyuzi mbili za kamba, wala hakuna uliobaki umenyooka. Hii ndiyo inayobeba mzigo. Ya pili ni mizingo iliyobanana, inayokaa juu ya mguu mrefu na kuzuia misokoto ya msalaba isirudi nyuma. Mizingo ni kufuli tu. Katika waya wa samaki wa tatu kulikuwa na kufuli bila mlango.

Utaratibu wake kwa waya namba 6 ni huu. Kata waya kwa kipimo unachotaka ukiongeza sentimita 10 kwa kila ncha. Pitisha hizo sentimita 10 kwenye tundu la ndoana, urudishe nyuma taratibu hadi upate kitanzi cha mviringo chenye upana wa milimita 6 hadi 8, usiukunje kwa kona. Ndoana inapaswa kucheza ndani ya kitanzi. Kikibana sana chambo hukakamaa, kikiwa kipana mno ndoana huweza kujigeuza na kujikwamisha juu ya waya. Shika kitanzi kwa koleo la mdomo bapa, au kwa vidole ikiwa waya ni mwembamba. Miguu miwili ya waya iachane kwa pembe ya nyuzi 90 au zaidi. Pembe hii ndiyo siri yenyewe. Ikiwa nyembamba, mguu mfupi huishia kuuzunguka mrefu, nao mrefu hunyooka. Isukume miguu yote miwili kwa pamoja, kila mmoja ukipita juu ya mwenzake, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko. Ukitazama kwa upande unaona herufi X zikifuatana, zenye mikono iliyolingana. Misokoto mitatu na nusu ndiyo mwisho wa chini. Mitano au sita inatosheleza samaki wa ukubwa huu.

Ukishamaliza X ya mwisho, geuza mguu mfupi usimame wima juu ya mrefu, kisha uuzungushe mara tano, kila mzingo ukigusa uliotangulia. Ukiacha nafasi kati ya mizingo kufuli linalegea.

Inabaki ncha ya ziada, na hapa watu wengi huchukua kikata waya. Kisiguswe. Kikata waya huacha kisiki chenye makali kinachochana vidole, kinachonasa mwani na kufanya chambo kizunguke. Kunja ncha hiyo sentimita 2 kutoka mwisho iwe kama mpini wa pedali. Shika mizingo kwa koleo, kisha peleka mpini mbele na nyuma sambamba na mizingo. Baada ya mara chache waya unakatika wenyewe, sawasawa na mzingo wa mwisho, na ukipitisha kidole hukuti kitu. Kwa chuchunge kuna hali moja iliyo nje ya kanuni hii: baadhi ya wavuvi huacha ncha imesimama sentimita moja na nusu iwe pini ya kupitisha kwenye taya za chambo, halafu hufunga mdomo kwa waya laini wa shaba. Hilo ni sawa, maana ncha ile inafichwa na kichwa cha chambo.

Kila waya mpya ujaribiwe nchi kavu. Weka alama ya wino pale mzingo wa mwisho unapokutana na mguu mrefu, tundika ndoana kwenye kitu imara, ncha ya pili uifunge kwenye mizani ya kuning'iniza, vuta hadi kilo 10, rudia mara mbili au tatu kwa mishtuko. Vaa miwani, kwa sababu ndoana ikiruka hutaiona ikija. Alama ikisogea hata milimita moja, fundo hilo ni la kukatwa.

Samaki wa tano: kosa lilelile kwa waya mnene

Baada ya kupoteza wa nne, chomboni walibadili waya wote wakaweka namba 10, yaani milimita 0.61 na karibu kilo 56. Saa mbili zilipita bila kuumwa. Hilo peke yake si ushahidi, bahari ina saa zake, lakini maji yalikuwa maangavu na jua limepanda, na waya mnene katika maji ya namna hiyo huonekana na pia hukakamaza chambo. Chuchunge aliyekuwa akiogelea sasa anakokotwa kama kijiti.

Alipouma wa tano, waya ulirudi na ule mkia wa nguruwe, tena wenye mizingo mipana zaidi. Hakuna ajabu. Waya mnene ni mgumu kusokota kwa mkono, hivyo ile pembe ya nyuzi 90 ndiyo ya kwanza kuachwa. Mfungaji anayekosa X kwenye namba 6 hatazipata kwenye namba 10. Mizingo nayo haishiki kwa nguvu kwa kuwa waya unataka kurudi kwenye unyoofu wake. Kilo 56 zilizoandikwa kwenye pakiti ni za waya wenyewe, hazisemi lolote kuhusu fundo. Anayetaka kweli kufunga namba 10 na kuendelea juu atumie koleo mbili au kifaa cha kusokotea chenye kulabu, na aridhike na misokoto minne mizuri.

Kwa mshipi wa kilo 15, namba 6 ilikuwa chaguo sahihi tangu asubuhi. Namba 4 ya takriban kilo 18 ingefaa pia siku ambayo maji ni maangavu na samaki wanakataa, na namba 8 ya kilo 39 hivi ni ya mshipi wa kilo 24. Rangi ya kahawia ni bora kuliko ya fedha, kwa sababu inayong'aa huita meno mahali yasipotakiwa. Tutalirudia hilo kwenye samaki wa nne.

Samaki wa pili: kona

Huyu ni rahisi. Waya ulikatika katikati, sentimita 9 kutoka kwenye ndoana, na milimita chache za mwisho zimepinda kama kucha. Ulikuwa waya uleule uliompandisha nguru wa kwanza, ambao ulifungwa siku nyingine na mkono mwingine. Msokoto wake ulikuwa mzuri, X tano zinazohesabika, na hadi sasa upo.

Waya wa uzi mmoja hupata ugumu wake kwa kuvutwa ukiwa baridi kiwandani. Ukikunjwa kwa kona kali chuma cha upande wa nje wa kona kinanyooshwa kupita uwezo wake na kinaanza kupasuka kwa nyufa zisizoonekana. Kuunyoosha kwa koleo ni kuukunja mara ya pili, kinyume. Unaonekana umepona, na hapo ndipo unapodanganya. Kona moja tu inatosha kuushusha chini kabisa ya mshipi wako.

Kona zenyewe hupatikana kwa njia tatu, na chombo hiki kilizitumia mbili. Ya kwanza ni chambo kinachozunguka badala ya kuogelea, kwa kuwa ndoana imetoka pembeni mwa tumbo la chuchunge. Mzunguko unajaa kwenye mshipi, chombo kinapopunguza mwendo mshipi unalegea, waya unajipiga kitanzi kidogo, samaki akivuta kitanzi kinafungwa kikawa kona. Ya pili ni kumwinua samaki kwa waya juu ya ubavu wa chombo, ukipinda kwenye ukingo wa mbao. Ya tatu, ambayo hapa haikuhusika, ni kuvuta waya kutoka kwenye rola kwa upande badala ya kuizungusha rola ifunguke.

Dawa haina ufundi: baada ya kila samaki pitisha waya kati ya kidole gumba na cha shahada kutoka swiveli hadi ndoana. Kidole kikiruka mahali, kata, funga mwingine. Ndiyo maana wenye busara hutoka na waya 10 au 12 zilizokwisha kufungwa, zimekunjwa kwenye duara za sentimita 12, kila moja kwenye mfuko wake. Hakuna anayefunga msokoto mzuri kwenye chombo kinachoyumba huku samaki wanaruka pembeni. Na mtu akishika waya mkononi samaki akiwa bado hai, asiuzungushe kiganjani hata mara moja. Avae glavu, aushike kwa kukunja ngumi tu, ili samaki akikimbia waya uteleze na kuondoka.

Samaki wa nne: waya haukurudi kabisa

Kilichomo kwenye kopo ni mshipi wa nailoni tu, ncha yake imekatwa wima kama kwa wembe, bila nyuzi zilizochanika wala sehemu iliyovutika na kuwa nyembamba. Nailoni iliyokatika kwa mvutano hujikunja na kufifia rangi karibu na ncha. Hii haikuvutwa, ilikatwa.

Meno ya nguru ni bapa, ya pembetatu, yamepangwa kwa safu moja juu na chini, na taya zikifungwa hukutana kama mkasi. Nailoni iliyokaza haimchukui hata pumzi moja. Swali ni jinsi alivyofika juu ya waya, na majibu yako mawili ambayo hatuwezi kuyatenganisha kwa kipande hiki. Huenda nguru mwenzake aliifuata ile swiveli ya shaba ikimeta na kutoa vipovu majini, akaiuma akidhani ni dagaa anayekimbia. Au samaki aliyeuma chambo alikuja kwa kasi akakipita, na sentimita 25 za waya hazikutosha kuvuka mdomo wake na sehemu ya kichwa.

Yote mawili yanatibiwa kwa pamoja. Swiveli iwe nyeusi na ndogo kadiri inavyowezekana, yenye nguvu ya kilo 25 hadi 35. Waya uwe sentimita 45 hadi 60 kwa nguru na mzia. Zaidi ya hapo kwa kurambaza chuchunge hakuna faida kubwa, na kila sentimita ya ziada ni sentimita ya kupata kona. Wengine huondoa swiveli kabisa wakaunga waya na nailoni nene kwa fundo la Albright: kitanzi chembamba cha waya chenye msokoto wake kamili, nailoni inaingia kwenye kitanzi, inazunguka miguu yote miwili ya kitanzi mara kumi ikirudi kuelekea inakotoka, kisha inatokea kwa upande uleule ilioingilia. Lowesha kabla ya kukaza. Fundo hili hupita kwenye pete za fimbo, swiveli haipiti. Lakini chambo chako kikizunguka, bila swiveli utalipa kwa kona, kwa hiyo anayechagua njia hii awe fundi wa kutega chuchunge kwanza.

Samaki wa sita: si wa waya huu

Jioni kikaja kitu kizito, kikaenda chini polepole bila kuruka, kikashikiliwa dakika ishirini. Kilichorudi ni nailoni yenye weupe na ukwaruzo kwa zaidi ya nusu mita, kama iliyosuguliwa kwa msasa, na ncha yenye nyuzi zilizochanika. Hayo si meno. Ngozi ya papa ina vimeno vidogo vinavyoelekea mkiani, na mshipi uliokaza ukipita juu yake kwa muda unaisha. Papa huyo alikuwa akiuzungusha mshipi mwilini au akiupiga kwa mkia.

Waya wa nguru haukukusudiwa kwa papa na hakuna haja ya kujilaumu. Hata hivyo kipande cha nailoni nene ya kilo 36 chenye mita 2 kati ya mshipi na waya kingempa mvuvi nafasi, na kingesaidia hata kwa nguru mkubwa anayepiga mkia. Anayefuata kanuni za IGFA, shirika la kimataifa la uvuvi wa michezo, ajue kwamba kwa mshipi wa zaidi ya kilo 10 waya na nailoni hiyo kwa pamoja haviruhusiwi kuzidi mita 9.14, kwa hiyo nafasi ipo tele.

Anayemtafuta papa kwa makusudi aachane na uzi mmoja, kwa sababu papa hujiviringisha na kuujaza kona. Huchukua waya wa nyuzi 49, ambao ni laini kama kamba na husamehe mikunjo, kwa urefu unaozidi urefu wa papa mwenyewe. Huo hausokotwi. Hubanwa kwa mirija yenye matundu mawili, waya ukipita mara mbili kwenye tundu la ndoana ili usisuguane mahali pamoja. Mrija ulingane na unene wa waya, ubanwe katikati, na ncha zake mbili ziachwe zimepanuka kidogo zisikate waya. Uwe wa shaba nyekundu. Alumini ikigusana na chuma cha pua kwenye maji ya chumvi huoza, na huoza kwa ndani, mahali ambapo macho hayafiki. Kuhusu waya uliovikwa plastiki: jino likitoboa ganda, maji ya chumvi hukaa chini yake na kutu husambaa bila kuonekana. Ganda likichanika, utupe.

Kilichobadilishwa kwenye chombo

Namba 6 imerudi, ya kahawia, sentimita 50. Swiveli za shaba zimeondolewa. Kati ya waya na mshipi wa kilo 15 kuna nailoni nene mita 2, na mshipi umekunjwa mara mbili kwa mita moja kabla ya fundo. Breki haikuguswa, kilo 5 ni theluthi ya mshipi na hakuna sababu ya kuiongeza.

Kufunga kumekuwa kazi ya jioni ya nchi kavu. Waya kumi za kwanza za mfungaji zilipojaribiwa kwenye mizani, alama ya wino ilisogea kwenye nne, zote zikiwa na X mbili za kwanza nzuri na za mwisho zimelala. Ni kosa la uchovu wa mkono: pembe inaanza na nyuzi 90, inaishia 40. Alipoanza kukishika kitanzi kwa koleo badala ya vidole, mkono wa pili ulipata uhuru wa kuufungua mguu mfupi, na X zikasimama hadi ya tano.

Kopo lenyewe bado liko chomboni, chini ya ubao wa kukalia, likisubiri vipande vingine.